Poda ya Dar, upepo wa Nzuguni: maswali kwa mpambaji

Napamba maharusi hapa Nzuguni, Dodoma, na wateja wengi siku hizi hunifikia na simu mkononi: "Dada, nataka kama hivi." Wananionyesha video ya mekapu, na video hiyo imeshawafundisha mengi kabla hawajakaa kwenye kiti changu. Kwa hiyo leo nawajibu mabinti wanaotaka kutengeneza video kama hizo.

Dada shikamoo. Nina simu nzuri na taa ya duara. Watazamaji wanataka kuona nini hasa?

Marahaba, mdogo wangu. Wanataka kuona uso kabla haujaguswa: chunusi, madoa, weusi wa chini ya macho. Filta ikishalainisha kila kitu, mtazamaji hana cha kupima. Izime, kaa karibu na dirisha, upande mmoja wa uso uache mtupu mpaka katikati ya kazi.

Halafu rudi jioni. Hili nalidai kuliko yote. Video nyingi huishia pale mekapu ikiwa mbichi, wakati bibi harusi anatoka saluni mchana na ukumbini anaingia saa mbili usiku. Jirekodi tena usiku huo, hata kama imeharibika. Tena hasa ikiwa imeharibika, maana ndipo mtu anaona pa kurekebisha.

Nafuata hatua zote za wapambaji wa Dar es Salaam, lakini hapa poda inapasuka na uso unakuwa kama umemwagiwa unga. Nakosea wapi?

Hujakosea, umefuata maelekezo ya hewa nyingine. Dar iko pwani. Hewa ina unyevu, jasho halikauki, ndiyo maana wa kule hukandamiza poda tabaka juu ya tabaka. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Mei na Novemba mvua ni kama hakuna. Njoo Nzuguni wiki ya Nane Nane: upepo mkavu, vumbi kuanzia viwanja vya maonesho hadi stendi ya mabasi, midomo imepasuka. Ngozi ya namna hiyo ukiijaza poda, inanyonywa hata mafuta machache yaliyobaki, na kila gamba dogo linajitokeza.

Anza na losheni, isubiri iingie. Faundesheni iwe kidogo, kwa sponji yenye unyevu. Poda iende puani, kidevuni na katikati ya paji, basi. Vumbi likikaa usoni, lipanguse kwanza kwa brashi laini kavu. Ukipaka poda juu yake unatengeneza madoa. Mvua za Januari zikifika, badilisha mpango. Mtazamaji wa Dodoma na Singida haya hayapati kwa urahisi, na wewe unayeishi naye ndiye unayeweza kumwonyesha.

Nitaje bei?

Taja, na utaje duka. Fenty Beauty ilipoanza mwaka 2017 na vivuli 40 vya faundesheni, wanawake wengi weusi waliona rangi yao dukani. Mei 2022 ilipoanza kuuzwa rasmi Afrika, ilianza na nchi 8. Kenya na Zambia zilikuwemo, Tanzania hapana. Binti akiona chupa hiyo kwenye video yako ataiagiza kwa mtu asiyemjua, na bandia ni nyingi. Mwonyeshe kinachopatikana mtaani kwake, na jinsi ya kuchanganya rangi mbili apate yake.

Nimeahidiwa hela nitangaze krimu ya kung'arisha uso ndani ya wiki moja. Nikubali?

Kataa. Krimu inayobadilisha rangi haraka hivyo mara nyingi ina haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali, na vyote vimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini. Zebaki huharibu figo. Steroidi huikondesha ngozi mpaka mishipa inaonekana, na jua letu la Dodoma linaikuta haina kinga. Mkorogo usio na kibandiko ni mbaya zaidi, kwa sababu hata anayeuuza hajui alichochanganya.

Tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Bidhaa usiyoweza kusoma viambato vyake usiipake mbele ya kamera. Na ukilipwa kwa bidhaa halali, sema umelipwa, mwanzoni kabisa. Mtu akikuandikia kwamba uso unamwaka tangu aache krimu, usimpe dawa. Mwelekeze kwa daktari wa ngozi.

Video iwe ndefu kiasi gani?

Fupi. Mtu amejiunga bando la siku na bado ana mengine ya kufanya. Nyusi leo, midomo kesho. Jina la kila kipodozi liandike kwenye skrini, kwa maandishi makubwa, ili aliye ndani ya daladala akitazama bila sauti naye aelewe.