Vipokezi vya Kinga, Seli Shina na Kuunga kwa Mfupa

Katika mwalo wa Kibirizi, mjini Kigoma, mizigo ya dagaa na bidhaa hupakiwa na kupakuliwa tangu alfajiri. Mchukuzi akiteleza hapo, mfupa wa muundi ukavunjika, ncha yake ikatoboa ngozi na kugusa mchanga, jamaa zake huuliza jambo moja: je, utaunga? Jibu hutegemea sana saa chache za mwanzo, na sababu yake imo ndani ya seli zenyewe.

Vipokezi ni nini?

Kinga ya asili ya mwili hutambua hatari kwa vipokezi, yaani protini za seli zinazonasa alama za vijidudu. Kundi linalojulikana zaidi ni vipokezi vya aina ya Toll. Binadamu ana 10. Mwaka 1996 Jules Hoffmann na wenzake walionesha kwamba Toll humkinga nzi wa matunda dhidi ya kuvu. Mwaka 1998 kundi la Bruce Beutler lilionesha kwamba kipokezi cha nne cha aina hiyo hutambua sumu iliyo katika ganda la baadhi ya bakteria. Wanasayansi hao walikuwa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Nobeli ya mwaka 2011. Vipokezi hivi hunasa pia mabaki ya seli za mwili zilizopondeka. Kwa hiyo mfupa uliovunjika huamsha kinga hata pasipo kijidudu.

Seli shina na uvimbe wenye faida

Ndani ya uboho na katika utando unaofunika mfupa zimo seli shina, ambazo huweza kugeuka kuwa seli za mfupa au za gegedu. Nazo zina vipokezi vya Toll. Mfupa unapovunjika, damu huganda, seli za kinga huwasili, na sehemu hiyo huvimba na kupata joto. Seli shina hupokea taarifa, husogea penye jeraha, huongezeka, na hutoa kemikali za kutuliza seli za kinga. Kisha hujenga gegedu ambalo polepole hugeuka mfupa. Panya wa maabara waliokosa vipokezi vya TNF, mojawapo ya kemikali za uvimbe, walichelewa kuunga mifupa. Uvimbe wa siku za mwanzo, basi, ni sehemu ya ujenzi.

Uvimbe usiokoma

Uchafu ukibaki, bakteria huendelea kuchochea vipokezi hivyo. Seli shina hushindwa kukomaa kuwa seli za kujenga mfupa, huku seli zinazomega mfupa zikiongezeka. Usaha hutoka, na mfupa hubaki haujaunga. Katika jaribio jingine, panya waliokosa kipokezi cha nne cha Toll waliziba tundu la fuvu haraka kuliko wenzao. Matokeo haya, yakisomwa pamoja na yale ya TNF, yanafundisha kwamba mfupa huhitaji uvimbe wa kiasi na wa muda mfupi. Dawa za kuzuia vipokezi hivyo bado si tiba ya kawaida ya mifupa. Njia iliyopo ni kuondoa kinachovichochea.

Kwa mhudumu wa afya

Jeraha la mfupa uliotokeza lioshwe kwa maji mengi ya dripu, lifunikwe kwa kitambaa safi, na mguu ufungwe banzi. Antibiotiki ianze mapema, ikiwezekana ndani ya saa moja, na kinga ya pepopunda isisahauliwe. Mgonjwa apewe rufaa haraka kwa ajili ya kusafishwa katika chumba cha upasuaji. Tishu iliyokufa ni makazi ya bakteria.

Kwa mgonjwa na jamaa

Jeraha lisioshwe kwa maji ya ziwa, lisipakwe majani wala udongo, na mguu usikandwe. Sigara iachwe, na mwenye kisukari adhibiti sukari. Dawa za kupunguza uvimbe, kama diklofenaki, zisitumiwe kwa muda mrefu bila ushauri. Dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao huupa mwili protini na kalsiamu. Maumivu yanayozidi, homa, usaha, au vidole kufa ganzi ndani ya hogo ni dalili za kurudi hospitali siku hiyohiyo.

Muundi wa mtu mzima huchukua miezi mitatu au zaidi kuunga. Lakini mengi ya miezi hiyo huamuliwa siku ya kwanza, jeraha linaposafishwa au kuachwa na mchanga wake.