Una wateja wengi? Hilo si kosa

Mafundi wa kompyuta wa Handeni na Korogwe wana lalamiko moja. Fundi anahudumia SACCOS, shule binafsi na duka la dawa. Mteja mmoja akigundua kwamba mshindani wake naye anahudumiwa na fundi huyo huyo, anamzuilia malipo akidai kuna "mgongano wa maslahi". Mara nyingi ni kisingizio cha kutolipa. Mteja anayekutaka uwe wake peke yake akisome kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004. Humo unahesabiwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikionekana hata dalili moja tu: anakupangia saa, unatumia vifaa vyake, unamtegemea kiuchumi, umemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu, au huna mwingine unayemhudumia. Hawezi kukuita mkandarasi zinapodaiwa likizo na michango ya NSSF, kisha akajifanya bosi unapotafuta riziki kwingine.

Atasema anaogopa siri zake zivuje. Hofu hiyo ina msingi, lakini dawa yake ni sharti la kutunza siri, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inalinda taarifa za watu uwe na mteja mmoja au kumi. Mgongano wa kweli uko kwenye cha juu: unamshauri mteja anunue kompyuta duka fulani, huku duka likikupa "asante" asiyoijua. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 hakiishii kwa watumishi wa umma. Wakala wa mtu binafsi naye yumo. Afisa wa halmashauri anayekuagiza uvimbishe ankara mgawane anakuingiza kwenye kesi yake, na TAKUKURU wakija atakuwa wa kwanza kukutaja. Mweleze mteja maslahi yako mapema, kwa maandishi. Hata ujumbe wa simu unakubalika mahakamani chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015.

Mtego unaowanasa wengi ni nywila. Fundi asiyelipwa anaishikilia kama rehani, au anaendelea kuingia kwenye mfumo baada ya kuachishwa. Deni ni la madai, lakini kubaki ndani ya mfumo baada ya ruhusa kuisha ni jinai chini ya kifungu cha 5 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na aliyekudhulumu sasa ndiye mlalamikaji. Kabidhi nywila, saini ichukuliwe, kisha dai.

Hapo ndipo sheria yenyewe inapoudhi. Imekupa dhana nzuri ya ajira, halafu ikakubana kwa siku: 30 tu kulalamikia kuachishwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, 60 kwa migogoro mingine. Fundi anayedhani ni mkandarasi huzimaliza kwenye "njoo kesho" kabla hajajua kwamba alikuwa mwajiriwa. Zikipita, jaza fomu ya Tume hiyo, CMA F2, kuomba kuongezewa muda, na ueleze sababu ya kila siku uliyochelewa.