Vazi Lifunguapo Kinywa: Afya ya Akili Katika Vikundi Vyetu



Wahenga walinena: mficha maradhi, kifo humuumbua. Homa hujitangaza yenyewe, lakini sonona hufichwa nyuma ya tabasamu. Mara nyingine hujionyesha katika mavazi: jirani aliyekuwa nadhifu huvaa nguo ileile juma zima, wala hajali kifungo kilichong'oka. Tusiharakishe kumwita mvivu, huenda anaumwa.

Vazi hilohilo laweza kuwa mwanzo wa msaada. Kanga inatufundisha jambo hili. Ina pindo, mji na jina. Na kwa jina hilo wanawake wa pwani wamefikisha mapenzi, uchungu na makaripio bila kufungua kinywa. Asiyeweza kusema "nimeelemewa" aweza kueleza habari za nguo aliyoishika.

Nchini Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha Benchi la Urafiki jijini Harare. Akina bibi waliofunzwa huwasikiliza wenye msongo, kisha wahusika hukaribishwa katika vikundi, wakazungumza huku wakifuma mikoba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wenye washiriki 573, ulionyesha kuwa baada ya miezi sita waliopata huduma hiyo walikuwa na dalili chache kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida.

Tunduma, mji wa mpakani wenye vitenge, mitumba na mafundi cherehani, haukosi vifaa vya kuanzia. Kikundi cha kuweka akiba au cha ushonaji chaweza kufanya hivi:

1. Wakutane watu wachache wanaoaminiana, kila juma, siku ileile.
2. Kila mmoja alete vazi lenye kumbukumbu, mathalani kitenge cha mama au shati la kazi ya zamani, aeleze analotaka. Asilazimishwe.
3. Mikono ishughulike: kutia kiraka, kushona kifungo, kupiga pasi.
4. Yasemwayo yabaki hapo, wala mavazi ya mtu yasichekwe.

Kikundi hakichukui nafasi ya tiba. Anayesikia sauti wasizosikia wengine, au anayetaja kujiua, asiachwe peke yake. Afikishwe siku hiyohiyo katika kituo cha afya au hospitali iliyo karibu.

Leo, umwonapo jirani ambaye kifungo chake kimeng'oka, mkaribishe barazani. Anza na sindano na uzi, maneno yatafuata.