Ukikodi gari kwenda Same, uliza linalala wapi

Dereva anayekutoa Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, KIA, hadi Same anakutoza safari mbili: yako, na ya viti vitupu vinavyorudi. Ni haki yake. Njia ni kama kilomita 140, kwa hiyo gari litatembea 280 kabla halijafika kwao. Noah inayokwenda kilomita kumi kwa lita itakunywa lita 28, na tajiri anataka hesabu yake jioni, dereva amepata abiria wa kurudi au hakupata.

Ndiyo maana mimi sianzi na bei. Nauliza, "Kaka, gari lako linalala wapi?" Likilala Moshi au Boma Ng'ombe, nitalipa kwenda na kurudi. Likilala Same, limemleta mtu kuwahi ndege na lilikuwa linarudi nyumbani hata bila mimi. Mafuta ameshalipa aliyeshuka. Hapo ndipo pa kupatana, na nimewahi kupata karibu nusu ya bei ya kawaida. Madereva hao hawangoji mlangoni pa wanaowasili. Piga simu kijiwe cha teksi cha Same siku mbili kabla, uulize nani ana safari ya uwanjani.

Tiketi nafuu ya Zanzibar–Arusha isikuvute haraka. Kiwanja cha Arusha kiko Kisongo, magharibi ya mji, zaidi ya kilomita 50 kutoka KIA. Kwa gari la kukodi hizo zinakuwa zaidi ya 100, na foleni ya mjini juu yake. Kama uko peke yako na begi moja, kodi kutoka KIA hadi barabara kuu tu, halafu panda basi la Dar au Tanga. Same iko njiani. Mkiwa wanne na mizigo, gari ni lenu.

Desemba hesabu inageuka. Wapare na Wachagga wanapanda kutoka Dar kuja kula Krismasi kwao: magari yanakuja yamejaa, yanarudi matupu. Anayeteremka kwenda Dar tarehe 24 atabembelezwa na dereva. Mwanzoni mwa Januari atabembeleza yeye.

Wa Mbaga au Chome, chini ya kilele cha Shengena, msikodi gari moja toka uwanjani hadi mlimani. Dereva wa huku chini akipanda kule hana wa kurudi naye, na mvua ikinyesha Noah haipandi. Badilisheni Same, mchukue gari la wenyeji wa milimani ambalo lilikuwa linapanda hata hivyo.

Angalia na namba. Nyeupe ni ya biashara. Ya njano ni gari binafsi, na likipata ajali na abiria wa kulipa, bima inaweza kukataa. Mkishapatana, mtumie dereva ujumbe wenye bei, mahali pa kushuka na nani analipa maegesho ya uwanjani. Mpe ya mafuta mkiwa kituoni, iliyobaki mkifika.