Kufufua Pikipiki Kuukuu Wakati wa Baridi

Kaskazini ya Marekani theluji hufunika njia kwa miezi mingi, na wapendao pikipiki za porini hawana mahali pa kuziendesha. Wengi hutumia majira hayo kufufua pikipiki kuukuu, kama Yamaha DT-1 iliyotoka mwaka 1968, yenye silinda moja ya sentimeta za ujazo 246. Kazi hii ina mafunzo matatu.

Kwanza, subira. Pistoni iliyoganda kwa kutu haipigwi nyundo. Hutiwa mafuta mepesi katika tundu la plagi, ikaachwa siku kadhaa, kisha huzungushwa polepole.

Pili, kutafuta sababu. Katika injini ya mapigo mawili, petroli na hewa hupita kwanza chini ya pistoni. Sili za mpira kwenye ncha za krenki zikichakaa, hewa ya nje huingia, petroli hupungua katika mchanganyiko, joto huzidi, na pistoni hukwama. Basi abadilishaye pistoni tu, akaziacha sili, ataharibu pistoni ya pili.

Tatu, na ndilo kubwa, hadhari. Kwa ajili ya baridi watu hufunga milango ya gereji. Lakini moshi wa injini una kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Pikipiki isukumwe nje kwanza, ndipo iwashwe.

Sisi hatuna theluji, lakini moshi ni ule ule. Ndugu msomaji, ukimwona fundi akiwasha injini chumbani, mwambie aitoe nje.