Uzito wa Maneno: "Silly", "Foolish", "Stupid" na "Idiot"

Yafaa wale wajifunzao Kiingereza wafahamu ya kuwa kujua maana ya neno hakutoshi. Hapana budi kujua na uzito wake. Maneno haya manne yote hufasiriwa kwa ujinga au upumbavu. Lakini Waingereza hawayatumii kwa namna moja, naye ayachanganyaye aweza kumvunjia mtu heshima bila ya kukusudia.

Lililo jepesi kupita yote ni "silly". Zamani sana maana yake ilikuwa mwenye heri. Baadaye likawa asiye na hatia, kisha dhaifu wa kuhurumiwa, na mwisho mwenye upuuzi. Mama humwambia mwanawe afanyaye mzaha, wala mtoto halii. Tena mgeni akivunja kikombe na kuomba radhi mara nyingi, mwenyeji aweza kumjibu, "Don't be silly." Hapo hakumtukana, maana yake ni, "Usijali, si kitu." Mgeni asiyejua hayo ataondoka na uchungu moyoni bure.

"Foolish" ni zito zaidi kidogo. Hulaumu tendo lisilo na busara, kama kukopesha fedha nyingi pasipo hati wala shahidi. Hata mwenye akili aweza kuambiwa hivyo. Bali "stupid" hugusa akili yenyewe. Asili yake ni neno la Kilatini la kupigwa na bumbuazi. Kumwambia mtu usoni ni kumchoma, hasa mkubwa akimwambia aliye chini yake.

"Idiot" lataka hadhari kupita yote. Limetoka katika Kiyunani, ambako lilikuwa mtu wa kawaida asiye na cheo. Katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1913 liliwataja watu wenye upungufu mkubwa wa akili tangu kuzaliwa au utotoni, wasioweza kujikinga na hatari za kila siku. Sheria hiyo iliondolewa kwa ile ya mwaka 1959, na neno likabaki tusi. Marafiki hutaniana kwalo; kwa mtu usiyemzoea si mzaha.

Nasi katika Kiswahili twajua kwamba mjinga hufundishwa akaelimika, lakini aitwaye mpumbavu hukasirika. Basi twawashauri wasomaji wetu walaumu tendo, wasimlaumu mtu: "That was silly" husameheka upesi kuliko "You are stupid". Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.