Je, Serikali Yaweza Kumlazimisha Raia Kununua Bima ya Afya?

Katika darasa letu limezuka suala hili: je, katiba yaipa serikali uwezo wa kumlazimisha raia anunue bima ya afya? Wako wasemao, "Jambo hili lina manufaa, basi na lilazimishwe." Na wako wasemao, "Mali ni yangu, hapana wa kuniamrisha." Majawabu yote mawili twayaona yana upungufu, na mfano wa Marekani utatubainishia upungufu huo.

Tarehe 23 Machi 2010 Rais Barack Obama alitia saini sheria iliyozikataza kampuni za bima kumkataa mtu kwa ugonjwa alio nao. Lakini ikiwa mgonjwa hakataliwi, mwenye afya atangoja mpaka augue ndipo anunue, na mfuko wa bima utakauka. Kwa hivyo sheria iliamrisha kwamba tangu 2014 watu walio wengi wawe na bima, na asiye nayo alipe fedha pamoja na kodi yake ya mapato.

Majimbo 26 yaliipinga mahakamani. Hapa yatupasa kufahamu kwamba serikali kuu ya Marekani haina mamlaka ila yale iliyopewa na katiba. Mamlaka ya majimbo ni mapana zaidi, na jimbo la Massachusetts lilikwisha kuwalazimisha watu wake kwa sheria ya 2006. Basi suala halikuwa kama bima ni njema, bali ni kifungu gani kilichoipa serikali kuu uwezo huu.

Serikali ilitegemea kwanza mamlaka ya kusimamia biashara baina ya majimbo. Mamlaka hayo ni mapana: mwaka 1942 Mahakama ya Juu ilikubali mkulima Roscoe Filburn wa Ohio awekewe kikomo cha ngano, hata ile ya matumizi ya shamba lake mwenyewe. Lakini Filburn alikwisha lima. Asiyenunua bima hakutenda lolote. Tarehe 28 Juni 2012 majaji watano kati ya tisa walisema kwamba kusimamia biashara iliyopo si sawa na kumwamuru mtu aingie katika biashara.

Hoja ya pili ilikuwa kodi. Jaji Mkuu John Roberts, pamoja na majaji wanne wengine, alikubali kwamba malipo yale, ijapokuwa sheria iliyaita adhabu, kwa hakika yake ni kodi: yalikusanywa na idara ya kodi, na aliyeyalipa hakuhesabiwa mhalifu. Hivyo sheria ikasimama.

Sheria iliyopitishwa mwaka 2017 iliyafanya malipo hayo kuwa sifuri tangu 2019. Kesi ikarudi, na tarehe 17 Juni 2021 majaji saba kwa wawili waliiondoa, kwa kuwa walioshtaki hawakuonyesha dhara iliyowapa haki ya kushtaki. Kama amri isiyo na malipo ni halali, mahakama haikuamua.

Mafunzo tuyapatayo ni haya: nia njema haizai mamlaka, wala jina la jambo halibadili hakika yake. Nasi Kenya, Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 nayo imefikishwa mahakamani. Basi, ndugu msomaji, kabla ya kusifu au kulaumu, uliza mambo matatu: ni nani aamrishaye, kwa kifungu gani, na asiyetii atafanywa nini? Asiyeuliza haya huitetea haki asiyoijua, au huiacha ipotee naye yu macho.